Nusu Debe la Maji

Mafubira, Ijumaa baada ya sala ya alasiri

Saida mwanangu,

Umetoka sasa hivi na shangazi yako kwenda Masese kuwaaga watu. Nimekusikia ukiteremka ile njia mbio, na shangazi nyuma akiita, "We Saida, samaki hawakimbii, ningoje!" Nimekaa kwenye meza unayosomea. Nina saa mbili, pengine tatu, kabla hamjarudi, na nataka niimalize barua hii ukiwa hupo, kwa sababu ukiwa mbele yangu nitaanza kukuuliza kama umeweka sabuni.

Mambo ya sabuni na shuka, na jinsi ya kukaa na wasichana wengine bwenini, shangazi amekwisha kukuambia, mengine ameyarudia mara tatu. Mimi nina jambo moja tu. Ni habari ya siku ile ya gari. Kwa miaka tisa, kila ilipokaribia midomoni, mmoja wetu alisimama akaenda kutazama kuku.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokutania mimi na mama yako. Yeye alikuja na Kimasaba chake kutoka Mbale, mimi nina Kisoga changu, na Kiswahili nilikitoa jeshini. Alikuwa akinicheka kwamba nambembeleza kama anayetoa amri. Ukiisoma barua hii ukamsikia na yeye ndani yake, ndivyo nilivyotaka.

Vitani nilikuwa mpishi. Miaka minne nilibebwa na malori ya jeshi juu ya magunia ya mchele, nikadhani mtu akibebwa sana na gari huwa amelijua. Nikarudi, nikaanza uchuuzi wa samaki kwa baiskeli. Unakumbuka kazi ile? Nilinunua ngege, wale samaki wa ziwani, Masese alfajiri, nikawafunga ndani ya gunia lililoloweshwa, nikalitundika mbele, chini ya usukani, ili upepo ulipige njia nzima. Gunia bichi likipigwa na upepo, samaki hufika Iganga macho yao bado yanang'aa. Wachuuzi wote wa Masese tulifanya hivyo, na mimi nilikuwa hodari kuliko wengi.

Kisha ukaja mwaka ule bwawa lilipokuwa linajengwa, Jinja imejaa vumbi na watu wa kila kabila, na kila mmoja anataka samaki. Nikaweza kununua pikapu kutoka kwa mzungu mmoja wa ujenzi aliyekuwa anarudi kwao. Aliniambia mambo mawili tu: "Debe la maji, kila safari. Na hii sindano ya joto, angalia." Nikasema, "Ndiyo, bwana." Nilikuwa naitazama rangi.

Mama yako alilizunguka mara mbili, akalipiga gurudumu teke kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Linakula nini?" akauliza.

"Petroli."

"Na lisipokula?"

"Linalala."

"Basi umejinunua mwenyewe."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ulikuwa na miaka tisa, huna meno mawili ya mbele.

Mimba ya mdogo wako ilikuwa imeingia mwezi wa nane, na mama yako alitaka kwenda kujifungulia kwa mama yake Mbale, kama alivyokuzaa wewe. Alitaka kupanda basi la Jumatano. Nikamwambia asubiri Jumamosi, nitampeleka na gari letu. Hapo palikuwa na majivuno, Saida, na nitakuambia yalivyokuwa. Mama mkwe wangu, kwa desturi, hanitazami usoni wala mimi simtazami. Nikija, yeye huingia ndani. Miaka yote alikuwa amesikia tu kengele ya baiskeli yangu, au hatua zangu kutoka kituo cha basi. Nilitaka safari ile, akiwa huko ndani, asikie gari limesimama mlangoni.

Tena nikaona si vizuri kwenda hadi Mbale gari tupu. Nikanunua samaki, magunia mawili makubwa, nikayafunga pale nilipojua samaki hufungwa: mbele kabisa, juu ya ule wavu wa chuma ulio puani mwa gari, upepo uyapige njia nzima. Watu wa Masese walinisifu. Mmoja akasema, "Huyu sasa ana baiskeli ya magurudumu manne." Hapakuwa na hata mmoja wetu aliyejua kitu kilichokaa nyuma ya wavu ule.

Tuliondoka asubuhi na mapema. Wewe ulikaa katikati. Tulipofika Iganga magunia yalikuwa yamekauka mno, nikashangaa, kwa sababu kwenye baiskeli hayakauki hivyo. Nikachukua debe la maji lililokuwa nyuma, nikawamwagia samaki maji yote.

"Samaki wako wanakunywa kuliko mimi," mama yako akasema.

"Wewe utakunywa kwa mama yako."

Debe nikalirudisha tupu. Sikufikiri hata kulijaza. Tukashika njia ya Tirinyi.

Yeye ndiye aliyeiona sindano. Alikuwa ameegemea mlango, mkono chini ya tumbo, na nilijua maumivu yamemwanza ingawa alisema ni mashimo ya barabara tu. Akasema, "Baba Saida, kile kisindano kimelala upande wa nyekundu."

"Kinapumzika."

"Kinapumzika kwenye nyekundu?"

"Mama, gari limechangamka. Likichangamka hupanda."

Nilisema hivyo, mwanangu. Nilidhani ule mshale unaonyesha nguvu, na nikaona fahari kwamba umefika juu kabisa. Harufu ilipoanza nikafungua dirisha. Gari lilipopungua mwendo nikalikanyaga zaidi. Mvuke ulitoka kule kwenye kinamasi cha mafunjo, karibu na daraja dogo, nikasimama kwa sababu sikuona tena barabara.

Haya yanayofuata wewe uliyaona, ila ulikuwa mdogo, na hukuyaona yote. Niliyateremsha magunia nikayaweka kivulini, nikafunua boneti. Nikachukua kile kitambaa cha kijani cha mama yako, nikafungua mfuniko wa rejeta, maji yakaniruka mkononi. Hili kovu uliloambiwa ni la sufuria ya jeshi ni la pale. Ndani ya rejeta hapakubaki maji ya kutosha kikombe. Nikakupa debe nikakuambia, "Kimbia kinamasini, ulete maji."

Ukakimbia. Sikufikiri kwamba debe likijaa lingekuzidi nguvu. Sikufikiri kwamba kando ya mafunjo ardhi haishiki mguu, na kwamba mtoto atatafuta mahali pa kusimama.

Na sasa nakuambia lile usilolijua. Ulipokuwa huko, lilikuja lori.

Lilikuwa limebeba pamba, linakwenda Mbale. Dereva alikuwa mtu mnene, ana kofia ya sufu juani. Alisimama bila kuitwa.

"Limechemka, bwana?"

"Limechemka kidogo."

"Kidogo gani, na mvuke nimeuona toka kule!" Akaweka kiganja karibu na injini, akakiondoa. "Usitie maji sasa. Liache lipoe mpaka mkono uweze kukaa juu ya chuma. Hata kama ni saa nzima." Kisha akamwona mama yako. Akateremsha sauti. "Huyu mama si wa kungoja. Apande mbele na mimi. Namfikisha hospitali moja kwa moja."

Mama yako akasema, "Baba Saida, nipande."

Nikasema, "Dakika kumi tu. Mtoto analeta maji."

Nimejitungia sababu nyingi tangu siku ile. Kwamba simjui mtu yule. Kwamba juu ya pamba wamekaa wapakiaji wanaume. Kwamba wewe ulikuwa bado kinamasini na samaki wangeoza. Zote nilizipanga baadaye. Pale barabarani sababu ilikuwa moja: nilitaka tufike na gari letu, alisikie mama yake.

Dereva hakuondoka mara moja. Alivuta nusu ya sigara, akimtazama mama yako kuliko alivyonitazama mimi. Akasema tena, "Bwana, fikiri." Nikamwambia ahsante. Akasema, "Haya. Mungu awafikishe," akaondoka. Mama yako alitazama vumbi la lori mpaka likatua. Hakunilaumu. Alikiomba tu kile kitambaa chake, nikampa, kimeungua upande mmoja.

Ndipo ukatokea. Debe kichwani, gauni la maua ya njano limelowa mpaka chini, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Ulikuwa unatabasamu kwa sababu ulikuwa umeweza. Debe lilikuwa nusu. Ukaniambia, "Baba, lilikuwa limejaa."

Nikakunyang'anya. Mtu aliyejua kazi alikuwa ameniambia ningoje, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimelikataa lori lake, nilitaka gari liwake pale pale. Nikayamimina yote kwa mkupuo. Ikatoka sauti ndogo, kama chungu kilichopasuka jikoni na wewe uko chumbani. Sikujua ni nini. Nikatia ufunguo, nikavuta, nikavuta, hakuna. Na maji yako yakawa yanatiririka chini ya gari, kwenye vumbi.

Nikageuka nikakuona umesimama, nikakuambia, "Ulikaa wapi muda wote huo? Ungewahi, mama yako angekuwa amefika."

Sikukupigia kelele. Niliyasema polepole, kama mtu anayetoa habari, na nadhani ndiyo sababu uliyaamini. Ulitazama ndani ya debe, kana kwamba kuna kitu umekisahau humo.

Jua lilikuwa limegeuka alipopita na gari lake yule Mhindi wa duka la nguo, pamoja na mke wake na watoto wao. Walijibana wakatupa nafasi. Wewe ulikaa mbele na watoto, na yule mama wa Kihindi akaweka kichwa cha mama yako mapajani mwake, akawa anampepea kwa ncha ya sari. Nilikuwa chini, miguuni pake. Mama yako akaniita. Aliongea kwa shida, lakini alikuwa na akili zake zote.

"Yale uliyomwambia mtoto, yaondoe."

"Nitayaondoa."

"Leo."

"Leo, mama."

Akasema mlima unaonekana. Ulikuwa unaonekana kweli, mawingu yamekaa begani. Hakusema tena. Nyumba za kwanza za Mbale tulizifikia amekwisha kutangulia, na mdogo wako, ambaye alikuwa wa kiume, hakulia.

Usiku ule nilikukuta umelala kwa bibi yako, na mkono wako mmoja ulikuwa umeshika sikio la debe. Sijui nani alilileta ndani. Nikasema nitakuambia kesho. Kesho yake tulizika.

Siku ya nne nilikwenda na fundi mmoja wa Mbale, Singasinga mwenye ndevu nyeupe, kulivuta gari. Alipiga magoti mbele, akachokoa ule wavu kwa ukucha, akatoa kitu akakishika juani.

"Nini hii?"

"Magamba. Ya samaki."

"Samaki kwenye rejeta?" Akacheka sana, akamwita msaidizi wake aje aone. "Bwana, wewe unapika au unasafiri?" Nikamweleza jinsi nilivyoyafunga magunia. Akatikisa kichwa. "Kwenye baiskeli upepo ni wa samaki. Hapa upepo ni wa injini. Umeliziba pua maili hamsini, halafu unashangaa linakufa." Akaingiza kidole ubavuni mwa chuma, akanionyesha ufa mrefu kama kiganja. "Na maji ya baridi nani alitia, likiwa moto?"

"Mimi. Mtoto ndiye aliyeyaleta."

"Basi mtoto alileta mapema sana," fundi akasema. "Angechelewa saa moja zaidi, gari lako lingetembea."

Kisha akaniuliza nilikuwa nakimbilia wapi, nikamwambia. Akaacha kucheka. Akafuta mikono yake kwa muda mrefu, mikono ambayo haikuwa na uchafu, na baada ya hapo hakunisemesha tena isipokuwa kuhusu kamba.

Mapema sana, Saida. Hayo ndiyo maneno aliyoyasema mtu aliyejua. Nilirudi nayo mpaka kwa bibi yako nikiwa nimekusudia kukupa siku ile ile. Nikakukuta uani. Bibi akakutuma chumvi dukani, ukaenda mbio na kurudi mbio, ukamkabidhi huku unahema, ukamwuliza, "Nimewahi?" Akasema umewahi sana, mjukuu wangu. Nikaona umefurahi kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. Nikasema nisikuvuruge. Huo ndio uongo nilioutumia siku hiyo. Siku nyingine nilitumia mwingine. Ukweli ni kwamba, kama ningekuondolea maneno yale, ningebaki nayo peke yangu, nami sikuwa na ujasiri wa kubaki nayo.

Na wewe ukaendelea kukimbia. Nimekutazama miaka tisa ukikimbia. Ukitumwa kibiriti unakimbia. Ulianguka pale penye mawe ukapasuka goti, na kabla ya kulia ukaangalia kama mafuta ya taa yamemwagika. Watu wa Mafubira hunisimamisha, "Binti yako ana mbio, bwana, huyu atatuletea zawadi!" Nami nacheka pamoja nao. Shuleni ulipopata kile kikombe cha mashindano, ulikiweka dirishani, mimi nikatoka nje. Na mpaka leo, ukileta maji, unaitazama ndoo ndani kabla ya kunipa. Wewe hujijui kwamba unafanya hivyo. Mimi sijawahi kuikosa hata mara moja.

Uliposema unataka uuguzi, na tena huko Mbale, kila mtu alifurahi. Nilikuuliza kwa nini uuguzi. Ukasema, "Ili mtu afike kwa wakati, baba." Nikajifanya nakohoa.

Kama kazi unaipenda, nenda kaifanye, na moyo wangu uko pamoja nawe. Lakini kama unakwenda kwa sababu ya siku ile, basi ujue siku ile ni yangu. Ilikuwa yangu tangu Jumatano ya basi. Ilikuwa yangu Iganga nilipomwaga debe, na sindano ilipopanda, na lori liliposimama. Wewe katika siku ile ulikuwa na kazi moja, nayo uliifanya.

Huko uendako utakosea. Utampa mtu dawa ya mwenzake, au utasinzia zamu yako, sijui, mimi si mtu wa hospitali. Najua tu kwamba dakika ile ya kwanza, kabla kosa halijapoa, mtu hutafuta wa kumpa. Na anayekuwa karibu mara nyingi ni mdogo, amesimama hapo na kitu mkononi. Mtazame vizuri kabla hujafungua mdomo. Ngoja. Ni jambo gumu sana kungoja huku kuna moto, lakini dereva wa pamba alinieleza vizuri, na fundi akanieleza tena, mimi nikiwa nimekwisha kuharibu.

Kesho basi litapita pale. Utaona mafunjo mkono wa kulia, halafu lile daraja dogo. Mabasi mengi hupumzika hapo kupoza injini, na ukimtazama kondakta utaona anavyofanya: anakaa kwanza, anakula muhindi wake, anapiga soga, halafu ndipo anafungua mfuniko kidogo kidogo na kitambaa kizito, na maji anayatia kwa kikombe, injini ikiwa inazunguka. Ukitaka kushuka, shuka. Ukitaka kubaki kitini, baki. Mimi hupita pale nikiwa nimefumba macho, na sikusifu jambo hilo.

Ukitaka kunikasirikia, una haki, wala usiharakishe kumaliza. Niandikie au usiniandikie. Bibi yako nitamwandikia mwenyewe wiki hii kuhusu lori, maana na yeye haijui habari hiyo, na si kazi yako kumwambia.

Barua hii naiweka juu ya sanduku lako. Ndani yake nimekunja kile kitambaa cha kijani. Usishangae pale kilipoungua.

Basi linaondoka saa mbili asubuhi. Shangazi atataka mtoke nyumbani gizani, mwache aseme. Sanduku nitalibeba mimi, na goti langu unalijua, nitakwenda polepole. Nenda na mimi. Ukisikia honi, tembea. Kondakta akiita jina lako, tembea. Likituacha, tutarudi nyumbani tunywe chai, lipo jingine Jumatatu. Sijawahi kukuona ukitembea tangu una miaka tisa, na ningependa kukuona kabla hujaondoka.

Mama yako aliniambia nikuambie siku ile ile, nami nimekuambia leo. Hukuchelewa, Saida. Nilikutuma maji, ukaleta maji.

Ni mimi, baba yako.